Spea za mtumba Gerezani: maoni yangu baada ya kuzifunga kwenye IST ya kazi

Wenye Toyota za IST, Vitz, Raum, Noah na jamii hiyo hapa Dar, kama bado mnanunua kila kitu kipya dukani jamani mnaumia bure. IST yangu ni ya kazi, inapiga Bolt kutwa, kitu kikifa leo lazima gari iwe barabarani kesho maana hesabu haisubiri, na vitu vingi nilivyobadilisha ni used za Japani nimechukua Gerezani na vinapiga mzigo vizuri tu. Duka ninalochukuaga sitaji, sijalipwa tangazo, ila eneo zima nalijua vya kutosha kulisemea.

Kwanza tuwekane sawa, pale mwenzako wa mfuko mdogo anachagua kati ya used OG, yaani ya kiwandani kweli, na mpya feki, ile mpya jenuini bei yake unaijua mwenyewe. Altaneta ya IST mpya jenuini nilitajiwa laki nne na zaidi, mpya ya boksi lenye nembo ya Toyota iliyochapwa vibaya nikatajiwa laki na nusu, na used ya Denso iliyong'olewa kwenye gari nikaichukua 130,000. Hapo uamuzi hauhitaji kikao. Hizi used zinakuwa nzima kwa sababu kule Japani gari binafsi ikitimiza miaka mitatu inaingia ukaguzi wa lazima halafu kila baada ya miaka miwili tena, na ukaguzi wenyewe hela ndefu, basi mtu anaona bora aachane nayo wakati bado inadunda, nyingine zinakuja huku zinatembea nyingine zinakatwa tunaletewa nozikati, yaani kipande chote cha mbele, na vipande vingine.

Sasa kufika. Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani tu, mawinga hao, wale wa kukuvutia wateja madukani, "boss gari gani, kaka njoo huku, IST ipo". Winga sio mtu mbaya, anatafuta riziki, lakini ukimfuata kila duka mtakaloingia bei inakuwa na cha juu chake ndani na muuzaji hawezi kukwambia mbele yake. Na fundi wako ni hivyohivyo, wengi wakienda peke yao wanarudi na bei ya kwao. Mimi naenda na spea ya zamani mkononi, nimepiga picha namba ya chesesi, naingia dukani mwenyewe. Namba ya chesesi ni muhimu kuliko maneno, maana IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ cc 1300 na NCP61 ina 1NZ cc 1500, na ukisema tu "nipe ya IST" utapewa iliyopo karibu na mkono wa muuzaji.

Kilichonifanya nibaki na duka langu ni majaribio. Unalipia, wanaweka alama ya rangi kwenye spea ili usije ukawarudishia nyingine, unapewa siku tatu, ikigoma unabadilishiwa. Hela hairudi, hilo usijidanganye, unabadilishiwa tu. Ile altaneta fundi alipima pale pale gari ikiwa inaunguruma akapata volti 14.1, na hapo ndio penyewe, ikisoma chini ya 13 na kitu ujue haichaji vizuri na ikipita sana 15 itakuulia betri. Duka la jirani yao nilishawahi kuambiwa "spea za mtumba hazina garantii mzee", sawa, nikaaga. Mtu anayeiamini spea yake anaogopa nini ukaijaribu?

Taa za mbele nazipenda za used kuliko mpya za Kichina, kioo chake hakiwahi kuwa cha njano na mwanga unakaa. Angalia maandishi ya Koito au Stanley na zile namba ndogo kwenye kioo zifanane kulia na kushoto. Ila wenye Land Cruiser, Hilux na RAV4 mnaoletewa spea za Dubai na Sharjah kuweni makini hapa, kule wanaendesha kulia, kwahiyo taa zao zimekatwa mwanga kuelekea upande wa kulia, ukizifunga huku kwetu unamulika macho ya anayekuja mbele usiku kucha na wewe unashangaa kwanini kila mtu anakupiga taa full. Stelingi reki, ile ya kugeuzia matairi, ndio kabisa haingiliani. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, huko huna shida.

Saiti mira ukiona imekwanguliwa pembeni au kuna mahali palikuwa na namba ya gari imesuguliwa, weka chini uondoke. Nusu ya Dar tumechora namba kwenye vioo na taa sababu ya wale vijana wa usiku, na hiyo unayouziwa bei ya mteremko kuna mtu aliamka asubuhi akaikuta haipo.

Vitu ambavyo used sinunui hata nikipewa nusu bei ni breki pedi, mikanda, sili, boljointi na eabegi. Shokapu watu wananunua sana, mimi nasema fungua macho tu, ikiwa na unyevu wa oili kwenye shingo ni ya kwenda kutupa.

Injini ndio habari nyingine. Ukiikuta imeoshwa inang'aa kama imetoka kuoga, iogope, wameosha ili usione inavuja wapi. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta tope jeusi limeganda pita, toa plagi zote uzitazame, mwambie fundi apime kompresheni. Na dai risiti ya EFD na karatasi za forodha, kwa sababu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari na ukibadilisha unatakiwa TRA wabadilishe taarifa, bila karatasi utasumbuka siku ya kuuza gari.

Kwa ujumla nawapa nne kwa tano. Moja nimekata kwa sababu ya paking, hakuna pa kuegesha kabisa, na kwa sababu jumamosi pale ni vurugu hata kuongea na muuzaji huwezi, nenda jumanne asubuhi. Gia boksi bado sijanunua kwao, yangu imeanza kuchelewa kushika gia ya pili, ikifika siku yake naenda na fundi ambaye hafahamiani na mtu yeyote mtaa ule.