Bei ya REAPER na Punguzo Lisilodai Kitambulisho cha Mwanafunzi

REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti inayotengenezwa na Cockos, kampuni ndogo iliyoanzishwa na Justin Frankel, yule yule aliyebuni Winamp, programu ya kusikilizia muziki kwenye kompyuta, huuzwa kwa bei mbili tu: dola 60 za Marekani na dola 225. Anayelipa dola 60 hapewi programu iliyopunguzwa makali, kwani zana zote zimo katika leseni zote mbili. Kinachotofautiana ni hali ya mnunuzi.

Bei ya chini imewekwa kwa mtu anayeitumia programu kwa shughuli zake binafsi, kwa mtu au biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, na kwa taasisi za elimu au zisizolenga faida. Mwanafunzi hakutengewa dirisha la peke yake; yuko katika foleni moja na fundi anayeanza na mtu anayejiburudisha kwa muziki jioni. Kwangu mimi huo ndio ubora mkubwa wa mpango huu. Punguzo la wanafunzi tulilolizoea hudai baruapepe ya chuo au picha ya kitambulisho, na kwa hiyo humwacha nje anayejifunza kazi kwa fundi, aliyeahirisha masomo, na yule ambaye chuo chake hakigawi anwani za baruapepe. Tena, katika programu zinazolipiwa kila mwezi, punguzo hilo aghalabu hukoma mtu anapohitimu, yaani bei hupanda wakati ule ule ambapo mhitimu anazunguka na bahasha akitafuta kazi. Leseni ya REAPER haina habari na mahafali. Inachouliza ni matumizi na kipato.

Inauliza, lakini haikagui. Kampuni yenye watu wachache ingepoteza muda mwingi kuchunguza vitambulisho kwa ajili ya mauzo ya dola 60, hivyo mnunuzi huachiwa aamue mwenyewe anastahili bei ipi. Majaribio ni ya siku 60, kwa programu nzima, na siku hizo zikiisha programu haijifungi bali humkumbusha mtumiaji kwamba bado hajalipa. Wapo wanaouchukulia uungwana huu kuwa ni ruhusa ya kutolipa kamwe, ingawa masharti yanasema vingine.

Anayenunua leseni ya toleo la 7, lililotoka mwaka 2023, hupata masasisho yote hadi toleo la 8.99 bila kuongeza senti.

Scrivener, programu ya waandishi kutoka Literature & Latte, imefuata njia nyingine. Inayo bei maalumu ya wanafunzi na walimu, iliyo chini kidogo tu ya bei ya kawaida, na punguzo hilo peke yake lisingenishawishi. Hata hivyo, siku zake 30 za majaribio huhesabiwa kwa siku ambazo programu imetumika kweli, kiasi kwamba anayeifungua mara mbili kwa wiki hukaa nayo wiki 15. Kwa mwandishi wa tasnifu, huo ni muhula mzima wa kazi kabla ya kutoa fedha.

Kasoro ya REAPER iko kwingine. Dola 60 ni zile zile kwa kila mnunuzi, bila kujali sarafu yake ina nguvu gani, na programu yenyewe huja na zana nyingi za kurekebisha sauti lakini karibu bila hazina ya ala za muziki. Mwanafunzi wa utangazaji, anayerekodi mahojiano na kuyakata, hatalihisi pengo hilo, naye namshauri anunue bila kusita. Wa muziki, anayehitaji piano, nyuzi na ngoma ndani ya kompyuta, atalazimika kuzitafuta kwingine, na baadhi yake zina bei kubwa kuliko programu yenyewe. Huyo na azimalize kwanza siku zake 60, ajue jumla ya gharama kabla ya kulipa.