Nililipia Dirisha la Paa Nisilolitaka: Uzoefu Wangu wa Kununua Gari Jipya Dar es Salaam

Kabla ya gari hili nimewahi kumiliki mawili, na yote yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, kama yalivyo magari mengi yanayopita barabarani kuanzia Mbagala hadi Tegeta. La pili lilinitesa sana kwa gia. Kwa mwaka mmoja liliingia gereji mara tatu kwa tatizo lile lile, na kila mara fundi aliniambia kwamba safari hii limekwisha. Nilipofanikiwa kukusanya fedha za kutosha kutokana na duka langu la dawa, niliamua kununua gari jipya kutoka kwa wakala, lenye dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000. Nilidhani kazi kubwa ilikuwa kupata fedha. Kumbe kazi kubwa ni kupata gari lenye vitu unavyovihitaji bila kulazimishwa kununua usivyovihitaji.

Mahitaji yangu hayakuwa ya anasa. Ninaishi Goba, ambako kipande cha mwisho cha njia ya kufika nyumbani ni mteremko wa udongo unaogeuka utelezi kila masika, na kila mwezi ninampeleka mama yangu mzazi kliniki Muhimbili. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na hukaa siti ya nyuma. Kwa hiyo nilitaka gia za otomatiki kwa ajili ya foleni, mifuko ya hewa ya pembeni inayomlinda hata aliyekaa nyuma, mfumo unaolizuia gari lisiserereke dereva anapokwepa shimo kwa ghafla, siti za kitambaa, na tairi nene zinazohimili mawe. Rangi isiyokuwa nyeupe ingenifurahisha pia, ila hiyo niliiweka mwisho kabisa.

Nilitumia Jumamosi nne kuzunguka kwa mawakala, wengi wao wakiwa Barabara ya Nyerere. Siwataji kwa majina, kwa sababu hali niliyoikuta ilikuwa moja kila nilipoingia, na kumtaja mmoja kungekuwa kumwonea. Kijana aliyenihudumia katika duka la tatu alikuwa mpole, mwenye adabu, na aliifahamu vizuri bidhaa yake. Alinifungulia kipeperushi chenye jedwali la matoleo matatu ya gari lile lile: la chini, la kati na la juu. Nilipitisha kidole kwenye safu ya kati nikaona kila nilichokuwa nakitafuta kimewekewa alama ya vema: otomatiki, mifuko sita ya hewa, kinga ya kuserereka, siti za kitambaa, rimu za inchi 16. Nikamwambia, “Mwanangu, gari langu nimelipata.” Alitazama pale kidole kilipokuwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mama, hilo la kati huwa hatulileti. Wateja wa hapa wanachukua la chini au la juu.” Nilimuuliza wateja wangelichukuaje gari ambalo halijawahi kuletwa. Hakuwa na jibu, na sikumlaumu, kwani si yeye anayeagiza.

Toleo la chini nililikagua kwa makini, maana bei yake ningeimudu bila kutetereka. Lilikuwa na gia za mkono na mifuko miwili tu ya hewa, yote ya mbele. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikaitazama dashibodi. Upande wa kulia wa usukani, chini ya tundu la hewa, palikuwa na vifuniko vinne vidogo vya plastiki nyeusi, mahali ambapo kwenye toleo la juu pana vitufe. Nilikibonyeza kimoja kwa kidole gumba kikaingia kidogo kisha kikarudi. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Kijana alinieleza, nilipomuuliza, kwamba hapo ndipo kinapokaa kitufe cha kinga ya kuserereka. Hilo liliniuma kuliko bei yoyote niliyotajiwa siku hiyo. Kiwanda kimeshaandaa nafasi yake, gari lenyewe limeshabuniwa kuwa nacho, lakini mahali fulani mtu ameamua kwamba mnunuzi wa uwezo wangu, katika jiji hili, atapewa kifuniko. Umoja wa Ulaya umeulazimisha mfumo huo kwenye kila gari jipya la abiria tangu Novemba 2014, na Marekani ilitangulia kwa magari ya mwaka 2012. Huku kwetu unauzwa pamoja na mapambo.

Ninasema mapambo kwa sababu ndivyo lilivyo toleo la juu. Ili nipate mifuko sita ya hewa ilinibidi nichukue pia siti za ngozi nyeusi, dirisha la kioo kwenye paa, taa za rangi milangoni na rimu za inchi 17. Aliyewahi kuegesha gari juani Kariakoo mwezi wa Februari anajua ngozi nyeusi inavyokuwa saa nane mchana, na anajua pia kwamba hahitaji dirisha lingine la kumwingizia jua kichwani. Rimu ndizo zilizonitia wasiwasi zaidi. Tairi lake limeandikwa 215/55 R17, maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya upana wa milimita 215, yaani kama milimita 118 tu za mpira kati ya rimu na shimo. Tairi la toleo la kati ni 205/65 R16, lenye ubavu wa milimita 133. Kwenye lami tofauti hiyo huioni. Kwenye mteremko wetu ndiyo inayoamua kama rimu itapinda au la. Tofauti ya bei kati ya toleo la chini na la juu ilikuwa shilingi milioni 19.

Nilimwomba meneja anieleze kwa nini mambo yako hivyo, naye alinikaribisha ofisini na kunijibu kwa uwazi, jambo ninalomshukuru. Alisema wanunuzi wao wakubwa ni mashirika na makampuni, ambao huchukua matoleo ya chini kwa wingi, na kundi la pili ni watu wenye uwezo mkubwa, ambao huchukua la juu bila kuuliza. Wakala huagiza kwa makundi miezi mingi kabla, na gari la kati likikaa dukani bila mnunuzi linamfungia mtaji. Alinikumbusha pia suala la kodi, ambalo ni la kweli. Kitu kinachoongeza thamani ya gari kwa shilingi milioni 1 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini yenye ukubwa wa zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Nilipiga hesabu kwenye simu mbele yake: ile milioni inakuwa shilingi 1,548,750, kabla ya tozo nyingine na faida ya muuzaji. Sasa hesabu hiyo ndiyo inayonipa haki ya kulalamika. Ikiwa kila kitu kinalipiwa mara moja na nusu, basi mnunuzi ndiye anayestahili kuamua kipi kilipiwe. Mimi nililipia ushuru wa dirisha.

Nilipouliza kuhusu kuagiziwa toleo la kati, niliambiwa inawezekana: kianzio cha nusu ya bei, kusubiri miezi mitano au zaidi, bei kubadilika kufuatana na dola, na rangi isiyo na uhakika. Kwa mtu anayempeleka mzazi kliniki kila mwezi, huo si uchaguzi.

Mume wangu alinishauri turudi Japani, yaani tununue lililotumika, na sikuwa na hoja nyepesi ya kumpinga. Huko ukiingia mtandaoni unachagua mwaka, rangi, gia, aina ya siti, kilomita, na unasoma karatasi ya ukaguzi ya mnada inayoonyesha hadi mikwaruzo. Ukichagua lisilofikisha miaka 8 unaepuka ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi hapo, na unapata gari lenye mifumo ya usalama ambayo jipya la bei ya chini hapa halina. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnunuzi wa gari kuukuu ana uchaguzi mpana kuliko anayelipa fedha nyingi kununua jipya. Nilichokosa huko ni dhamana ya gia, na gia zilishanifundisha.

Fundi mmoja wa eneo la Gerezani, hapa hapa Dar es Salaam, aliniahidi kunifungia kamera ya nyuma, sensa na redio kwenye toleo la chini kwa gharama ndogo. Ninamwamini. Lakini mifuko ya hewa haifungwi Gerezani, wala kinga ya kuserereka.

Mwishowe nilinunua toleo la juu, rangi nyeupe. Kama gari, nalipatia nyota nne kati ya tano: limetulia barabarani, kiyoyozi kinapoza haraka, na masika yaliyopita nilipokwepa bodaboda kwenye utelezi wa Goba nilihisi gari lenyewe likinishika na kunirudisha kwenye njia. Kama huduma ya kumpa mnunuzi nafasi ya kuchagua, nawapa mawakala wote niliowatembelea nyota moja.

Baada ya kuwauliza mafundi wa wakala kama dhamana haitaathirika, nilinunua rimu nne za chuma za inchi 16 pamoja na tairi zake. Zile za inchi 17 zimo stoo, zimefunikwa kwa turubai. Pazia la dirisha la paa sijawahi kulifungua zaidi ya siku ya kukabidhiwa gari. Mama naye, kila tunapokwenda kliniki, hutandika kanga kwenye siti ya ngozi kabla hajakaa, kisha hunishika mkono na kuingia taratibu.