Uzoefu wangu: wikendi ya kupanda mawe na kupiga kambi na kundi, Joshua Tree, California

Haya jamani, mmeniuliza sana kuhusu zile picha nimening'inia kwenye jiwe kama mjusi ukutani, ni wapi, ni bei gani, na je mtu asiyejua kitu anaweza kwenda. Naandika yote hapa. Kwa kifupi natoa nyota nne kati ya tano, ningetoa tano ila kuna ishu ya maji na ishu ya kamba, nitazifikia.

Pale ni Joshua Tree, hifadhi ya taifa huko California ya kusini, kama kilomita 225 kutoka Los Angeles ukielekea mashariki. Ramani ya simu itakwambia saa mbili na nusu, ila ukitoka Ijumaa jioni we hesabu nne na usilalamike. Hii sio safari ya kampuni. Ni marafiki waliojuana kwenye jimu zenye kuta za kujifunzia kupanda, kila msimu wanakodi eneo la kambi la makundi linaloitwa Sheep Pass, katikati ya hifadhi, halafu wanatangaza anayetaka aje, awe mzoefu awe mgeni, unachangia hela ya eneo na hela ya msosi basi. Juu ya hapo kuna kiingilio, dola 30 kwa gari na kinatumika siku 7, kwa hiyo mkijazana gari moja mnagawana na hamtaisikia.

Sasa watu wakisikia jangwa wanabeba kaptula. Sheep Pass iko karibu mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, yaani mwinuko wa Arusha hivi, sema Arusha isiyo na miti ya kuzuia upepo. Mchana wa Novemba ni raha tupu, nyuzi 20 hivi, jua lipo ila haliunguzi, na ndio maana wapandaji wanakuja kuanzia Oktoba mpaka Aprili, kiangazi hakufai kabisa, jiwe lenyewe halishikiki. Jua likizama tu hewa ya pale kavu na haina mawingu, joto lote linapanda linaondoka, mpaka saa sita usiku uko karibu na sifuri. Mi nimekulia Muheza, baridi yangu mwisho ni Lushoto, kwa hiyo nilibeba begi la kulalia la uhakika na soksi za sufu na sikujuta. Jirani yangu wa hema alikuja na blanketi la kochini kwake, usiku kucha nilikuwa namsikia anahesabu saa.

Halafu kuhusu huo mti wenyewe wa Joshua. Ukiuona kwa mbali unashangaa hiki ni kitu gani, mikono imeenda kila upande, majani ni miiba mitupu. Ranja mmoja, yaani askari wa hifadhi, akatuelezea kwamba ni ukoo mmoja na mikonge. Nilicheka peke yangu. Yaani mtu atoke Muheza, avuke bahari, alipe kiingilio, aje kuangalia binamu wa mkonge! Ila hata mkonge wetu asili yake ni Mexico kwa hiyo labda mgeni ni wa kwetu. Onyo moja tu, usifunge kamba wala kitanda cha kuning'inia kwenye hiyo miti, ni marufuku, na kuna mkaktasi unaitwa cholla, huo usiusogelee hata kwa selfi, miba yake ikikugusa inahama na wewe na kuing'oa unahitaji kitana na mtu mwenye roho ngumu.

Tuje kwenye kupanda. Mawe ya pale ni jamii ya graniti, yamekaa mafungu mafungu, mengine yana ukubwa wa ghorofa nne tano na yamepasuka nyufa ndefu kuanzia chini mpaka juu. Punje zake ni kubwa na kali, zinashika soli ya kiatu vizuri sana, na kwa ukali huohuo zinakula ngozi ya vidole. Wazoefu wanajifunga plasta nzito nyuma ya viganja kabla ya kugusa ufa wowote, nilidhani ni madoido, mpaka nilipoona mikono ya kaka mmoja ambaye hakujifunga.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni namna ya kupanda kwenye ufa. Hushiki kitu. Unachomeka kiganja kizima ndani ya ufa kikiwa kimelala bapa, vidole vimenyooka, halafu unakunja dole gumba kuelekea kwenye kiganja, msuli wa chini ya dole gumba unavimba na mkono unakaza hapohapo, huwezi kuutoa hata ukivutwa. Mguu vilevile, unauingiza kiubavu goti likiwa nje, halafu unalirudisha goti ndani, kiatu kinajikaba chenyewe. Mara ya kwanza inauma na akili inakataa kabisa kuamini kwamba uzito wako wote umebebwa na dole gumba lililokunjwa. Dada aliyekuwa ananishikia kamba akanipigia kelele kutoka chini, "Simamia miguu, mikono ipumzishe!" Nikasimamia miguu na ghafla jiwe likawa ngazi.

Na hapa ndipo kundi linapopata nyota zake kwangu. Sisi wageni tulipandishwa kwa kamba inayotokea juu, wazoefu wanazunguka nyuma ya jiwe, wanafunga nanga ya kushikilia kamba kwa vyuma vyao, wanaiangusha kamba, wewe unapanda huku kamba inavutwa, ukiteleza unashuka kidogo tu unabembea. Lakini kabla hujanyanyua mguu, anayekushikia kamba anakukagua na wewe unamkagua. Fundo la nane, lile lenye umbo la namba 8, limerudishwa sawa? Mkanda wa kupandia wa kiunoni na mapajani umebana? Karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, imefungwa? Ndipo mnaulizana kwa sauti, "Umenishika?" "Nimekushika." "Napanda." "Panda." Kila mara, hata kwa yule mzee wa kundi mwenye mvi ambaye anapanda mawe haya tangu wengi wetu hatujazaliwa, naye alisimama akanyoosha mikono akakaguliwa na binti wa chuo aliyejifunza fundo jana yake. Hakuna aliyenuna wala kusema mi nina uzoefu. Kwenye jimu niliyokuwa naenda zamani ukimkagua mtu anakuangalia kana kwamba umemtukana.

Tulipanda kwenye Intersection Rock pale karibu na Hidden Valley, kuna njia inaitwa Mike's Books, ya ugumu wa 5.6, halafu Cyclops Rock ambako kuna njia inaitwa The Eye, ukimaliza unatokea kwenye tundu juu ya jiwe unaona upande wa pili. Hiyo hata kama hupendi kupanda, mwombe mtu akupandishe. Kuhusu hizo namba, zinaanzia 5.0 na ngumu kabisa duniani ni 5.15, ila namba za Joshua Tree ni za watu wa zamani, waliokuwa wanakimbilia hapa kujinoa wakati Yosemite, hifadhi nyingine ya California yenye majabali marefu, imejaa theluji, na walikuwa wabahili wa namba. Kuna mpandaji maarufu, dada anaitwa Lynn Hill, aliyekuja kupanda njia ya The Nose kule Yosemite mwaka 1993 kwa mikono na miguu tu bila kuvuta chuma chochote, alikomaa kwenye mawe haya akiwa binti. Kwa hiyo wewe unayepanda 5.9 jimu ukiwa unatafuna bigijii, hapa anza na 5.5 na uje uniambie.

Haya, malalamiko. La kwanza maji. Sheep Pass haina bomba, haina hata tone, na tangazo la waandaaji liliandika tu "njoo na maji". Maji kiasi gani? Ushauri wa hifadhi ni lita 4 hivi kwa mtu kwa siku, na ukiwa unafanya kazi ya nguvu kama hii ni mara mbili. Watu walikuja na chupa za kuendea kazini. Jumamosi mchana ndoo ya pamoja imekauka, ikabidi gari liende mjini Twentynine Palms, kwenda na kurudi ni zaidi ya saa nzima, na huwezi kupiga simu kusema ongeza kuni maana mtandao hakuna. Kuni nazo ununue nje, kuokota za mle ndani hairuhusiwi. Hivi ni vitu vya kuandikwa kwenye tangazo kwa namba, sio kumwachia mtu abahatishe jangwani.

La pili kamba. Waliojitokeza ni wengi kuliko walivyotegemea, kamba zenyewe chache, kuna kipindi Jumamosi nimekaa kivulini nasubiri zamu mpaka nikasinzia. Wakipunguza idadi au wakitugawa mapema nani yuko jiwe lipi mambo yataenda. Choo ni cha shimo, kisafi kuliko nilivyotegemea. Kuoga sahau, unaoga mjini ukirudi.

Usiku ulikuwa mtamu. Kila mtu na sufuria yake, mi nilipika chai ya tangawizi asubuhi na iliisha kabla kahawa yao haijachemka, wakaanza kuniita kwa jina la chai. Taa zikizimwa nyota unaziona mpaka zinakera, pale pametambuliwa rasmi tangu 2017 kama hifadhi ya anga la giza. Wikendi za msimu pia kuna kahawa ya bure ya wapandaji kambi ya Hidden Valley asubuhi, maranja wapo, unawauliza chochote, nenda na kikombe chako.

Na lile swali mlilonitumia chemba, weusi mpo? Wachache, ila hakuna aliyenitazama kana kwamba nimepotea njia, na wa kwanza kuniazima kofia ngumu sikuwa hata nimemsalimia. Mama nilipomtumia picha akajibu, "Mwanangu, hao wanaokulipa kupanda huko ni akina nani?" Nikamwambia mama, nimelipa mimi. Hajajibu mpaka leo.

Sasa uende na kundi kama hili au ulipie mwongozaji wa kupanda? Maoni yangu: kama hujawahi kabisa kuvaa mkanda, lipia mwongozaji siku moja kwanza, au jimu yako ikufundishe kushika kamba, maana kwenye kundi ukijua kushika kamba unakuwa msaada na unapata zamu nyingi, usipojua unakuwa wa kusubiriwa. Mwongozaji akiwa wako peke yako anakula dola mia kadhaa kwa siku, ila mkiwa wanne mnagawana, na hakikisha ana kibali cha hifadhi. Ukishajua hayo, kundi ni bora kwa mbali, unajifunza kwa watu kumi tofauti na hakuna anayeangalia saa. Wenye watoto wadogo, kambini sawa, chini ya mawe hapana, vitu vinadondoka.

Nafasi za Sheep Pass zinawekwa kupitia Recreation.gov na wikendi za Novemba zinaisha haraka. Mi narudi nao mwezi wa tatu, nina siti mbili kwenye gari kutokea Los Angeles, anayechangia mafuta aniambie mapema, aje na maji yake ya kutosha, na mwenye kukoroma aje na hema lake.