Saa sifuri asubuhi: yaliyonikuta na ghala la pakeji

Nyota mbili kwa ghala la pakeji, yaani ile tovuti ambako waandishi wa programu huweka vipande vya kazi zao ili wengine wavivute na kuvitumia. Nilitaka kutoa moja, nikakumbuka huduma yenyewe ni ya bure, nikaona haya. Nikimaliza kuandika na hasira bado iko, hiyo ya pili naichukua.

Nakaa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni kuandika kodi za kompyuta (si ile ya TRA). Kwa muda mrefu nilikuwa na kijilaibrari changu, kipande cha kodi ambacho programu nyingine hukiazima, cha kugeuza saa za kompyuta kuwa saa zetu. Kompyuta ikisema 07:00, chenyewe kinatamka "saa 1 asubuhi". Ikisema 20:30, "saa 2 na nusu usiku". Unaongeza sita, ikizidi unapunguza kumi na mbili, kisha unatafuta kama ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hapo kwenye jioni ndipo penye ugomvi. Na shemeji yangu tumebishana wiki nzima kama saa moja, magharibi ikishaingia, ni jioni au ni usiku, na mpaka leo hatujapatana.

Aliyenichochea niitoe hadharani ni rafiki yangu wa tiketi pale stendi ya Kange. Ana programu yake inayowatumia abiria ujumbe wa simu: basi hili, kiti hiki, saa hii. Tabu ya tiketi zetu kila msafiri anaijua. Imeandikwa 12:00, mtu hajui ni alfajiri au adhuhuri, akija adhuhuri wenzake wameshashuka Dar. Akaniambia, "Kaka, iweke ghalani hiyo laibrari, nami niivute kama ninavyovuta za Wazungu." Nikasema haya.

Akaunti ilifunguka upesi. Jina nililolitaka alikuwa amelikalia mtu ambaye ndani hakuweka kitu, pakeji tupu kama kopo. Nikaongeza herufi, yakaisha. Leseni, ile ruhusa ya wengine kuitumia, nikachukua ile iitwayo MIT kwa ufupi wake. Toleo nikaliandika 1.0.0, maana 0.1.0 niliona ni namba ya mtu asiyejiamini. Kitu kikapanda. Nikatoka nikaenda kunywa kahawa na kashata, najiona kama nimeoza binti.

Haikupita wiki, jioni moja rafiki yangu akapiga. Anacheka, ila si kicheko cha heri.

"Kuna bibi hapa dirishani kaleta simu yake. Ananiuliza, mwanangu, saa sifuri asubuhi ndiyo saa ngapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Sita na sita ni kumi na mbili; kumi na mbili ukiigawa kwa kumi na mbili kinabaki sifuri, na kodi yangu ilikuwa inatamka kile kilichobaki. Kwa hiyo saa kumi na mbili, ya asubuhi na ya jioni, nilikuwa nimezifuta zote mbili duniani. Na basi la alfajiri linaondoka saa ngapi? Nilijaribu saa zote ishirini na mbili zilizobaki. Hiyo inayosafirisha watu sikuigusa.

Nikarudisha saa ya simu mpaka 06:00 nijionee kwa macho yangu. Kweli bwana: "saa 0 asubuhi". Nikarekebisha, mstari mmoja tu, nikakimbilia ghalani kuiondoa ile mbovu. Wakataka nywila, nikatoa. Wakataka zile tarakimu sita za kwenye simu, nikatoa. Zimekataliwa. Nikasubiri sekunde 30 zibadilike, nikatoa mpya. Zimekataliwa. Nilitukana mpaka mama akauliza chumbani kuna nani. Karibu saa nzima imekwisha ndipo akili ikanirudia: tarakimu zile simu inazikokotoa kutokana na wakati, na simu yangu mimi mwenyewe nilikuwa nimeiambia kumepambazuka. Mwenye laibrari ya saa kafungiwa nje na saa. Hilo siwalaumu, ingawa wangeandika tu "angalia saa ya simu yako" wangeniokolea nusu ya matusi.

Haya, nikaingia. Nikafuta 1.0.0. Nikapakia iliyorekebishwa, 1.0.0 ile ile. Ikagoma: jina la faili hili limeshatumika. Limetumika na nani, na mimi nimeshalifuta? Nikarudia. Limeshatumika. Sisi Tanga tunaitwa waja leo, waondoka leo. Pakeji yangu ilikuja, ikaondoka, ilipotaka kurudi bawabu kasimama mlangoni.

Nikawaandikia. Nilijieleza vizuri, kwa Kiingereza cha heshima, na tafadhali tatu ndani yake. Nikawaambia ni kosa dogo, aliyeivuta ni mtu mmoja namjua, naomba namba yangu. Baada ya siku kadhaa likaja jibu, na tafsiri yake ni hii: "Ndivyo ilivyokusudiwa. Soma maelekezo." Basi. Ombi likafungwa hapo hapo, huwezi hata kujibu. Salamu hakuna, jina hakuna. Wanajitolea, najua, na pengine siku hiyo alikuwa ameshajibu watu mia wenye ujinga kama wangu. Lakini mpiga debe wa Kange, anayeshinda juani akigombana na mizigo, akikwambia gari limejaa anakuita kaka kwanza.

Nikaapa nahamisha kodi yangu. Nikaanza hata kuandika tangazo la kuhama. Nyota moja, na hiyo moja ni ya nembo yao.

Kesho yake rafiki yangu akapiga tena. Bado anatuma "saa 0". Nikamwambia mbona nimeshafuta. "Umefuta wapi?" Na kweli, nilifuta ghalani. Nakala yake iko kwenye kompyuta yake pale Kange, tena imetulia. Ukiiambia kompyuta ile ivute 1.0.0, inajiangalia, inasema ninayo, hainyanyuki.

Hapo nikanyamaza kidogo, maana niliona kitu. Wangenikubalia ombi langu, ghalani kungekaa 1.0.0 nzuri na Kange ingebaki 1.0.0 mbovu, sote wawili tunaapa tuna toleo moja, na yule bibi bado anaulizia sifuri yake. Na huyo ni rafiki yangu, wa kupigiana simu. Wale wanaovuta usiku huko wasikojulikana je? Wengine mradi wao umeandika kabisa alama ya kila faili, ile hashi. Faili likibadilika hata herufi moja, usakinishaji unakataa. Tena mwizi akiiba akaunti yako, kitu cha kwanza atakachopenda ni kubadilisha vya ndani na kuacha namba ile ile.

Kisa cha mwaka 2016 nilikuwa nakijua, cha yule bwana aliyegombana na npm, ghala la pakeji za JavaScript, akaondoa pakeji zake kwa hasira, mojawapo left-pad, mistari 11 tu, na miradi mikubwa ikashindwa kujengwa mpaka waliporudisha. Ndipo npm wakabana kanuni za kufuta. Miaka yote nilikuwa nikimcheka barazani. Kumbe nami, pakeji yangu ya kwanza tu, nilichokimbilia ni kufuta. Na sikupaswa hata kufuta. Toleo bovu hufunikwa, mgeni halipati, aliyelitaja kwa namba yake analikuta, mambo yake hayavunjiki.

Nikapakia 1.0.1. Kange wakavuta, dakika mbili nyingi. "Saa 12 asubuhi". Safi kabisa.

Kwa hiyo nyota nne. Mashine yao inajua inachofanya kuliko mimi. Hapana, tatu, maana ile "soma maelekezo" bado iko kooni. Maelekezo nilikuja kuyasoma, nayo yanasema hivyo hivyo, lakini yako chini huko ambako mtu hafiki mpaka awe ameshaumia. Wangeliweka onyo pale pale pa kufutia, wangekosa nini?

Ila niseme ukweli. Juzi nilipandisha kipakeji cha majaribio, nikakifuta. Juu ya kile kisanduku cha kuthibitisha pana maandishi mekundu, mistari miwili, yanasema namba hii hutaitumia tena. Shemeji yangu anasema yalikuwapo tangu mwanzo. Mimi nasema wameyaweka baada ya barua yangu, na hilo nalo tunabishana.

Tatu na nusu, kama wanaruhusu nusu. Yule bibi, naambiwa, siku hizi akija kukata tiketi anauliza kabla hajatoa hela: "Si ile ya sifuri hii?"