Kamusi Lisilo na Jalada

Kamusi hili nililinunua kwa sababu ya aibu. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ilinipa kazi ya kutafsiri mwongozo wa wafanyakazi wa vyumbani kutoka Kiingereza, nami nilipofika kwenye maneno "turndown service" nikafungua kijikamusi changu cha mfukoni, nikakuta mbele ya "turn down" neno moja tu, "kataa", nikaandika bila ya kufikiri kwamba kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni mfanyakazi atapita chumba kwa chumba kutoa huduma ya kukataa. Mwongozo ulichapishwa ukagawiwa. Siku ya tatu msimamizi wa vyumba, mama mmoja mpole wa Makunduchi, alinipigia simu akaniuliza: "Mwalimu, hebu nifahamishe, hao wageni tunawakataa nini?"

Huduma yenyewe, kama alivyonieleza baadaye huku akijizuia kucheka, ni kuingia chumbani wakati mgeni yuko kwenye chakula cha usiku, kuikunja ncha ya shuka la juu ili kitanda kiwe tayari kulaliwa, kufunga mapazia, kushusha chandarua na kupunguza taa. Hakuna anayekataliwa. Kitenzi "turn" hapo kimebaki na maana yake ya kugeuza, kwa kuwa shuka linageuzwa upande wa ndani ukaonekana nje, na "down" ni kule chini linakoelekezwa. Kijikamusi changu kilinipa tafsiri moja, sahihi mahali pengine, bila ya kunionesha kitendo ambacho neno lilitokana nacho.

Wiki ile ile nilikwenda kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika nyuma ya Soko la Darajani, ambaye hupanga bidhaa zake juu ya meza mbili na mkeka, nikamwambia nataka kamusi kubwa la Kiingereza kwa Kiingereza lenye asili za maneno. Akainama chini ya meza akatoa tofali la karatasi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo hazikuwepo, na kwa hivyo jina la kamusi, mchapishaji na mwaka havijulikani. Tahajia inaonesha kuwa ni la Uingereza, na nambari za kurasa zinapita 1,800. "Hili halina uso, shekhe," nikamwambia. Akajibu kwamba maneno yako ndani, maalim, si usoni. Alitaka shilingi 40,000, tukamalizana kwa 25,000, na mpira wa baiskeli akanipa bure.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba ninaandika mapitio ya kitabu kisicho na jina. Nimeyaandika kwa sababu sifa ninazozieleza zinapatikana katika makamusi makubwa ya aina hii kwa jumla, na anayetaka kununua moja, liwe na jalada au lisiwe nalo, atajua afungue wapi kabla ya kutoa pesa. Mimi nilifungua kwenye "turn", kama mtu anayerudi kumhoji aliyemtia hasarani.

Kidahizo hicho, yaani neno linaloelezwa pamoja na maelezo yake, kimechukua safu tatu na nusu za herufi ndogo. Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba asili ya neno haikutupwa mwishoni kama salio. Imewekwa mwanzo, kabla ya maana yoyote, nayo inasema hivi kwa ufupi: Kiingereza cha kale kilikuwa na "tyrnan" na "turnian", vitenzi vilivyochukuliwa kutoka Kilatini, kisha Kifaransa cha kale kikaja kukitia nguvu kwa "torner" yake, jambo lisiloshangaza kwa nchi iliyotawaliwa na Wanormandi tangu mwaka 1066. Vyote viwili vinarejea kwenye Kilatini "tornare". Na "tornare", kabla ya kuwa kugeuka kwa upepo, kwa gari au kwa roho ya mtu, ilikuwa na maana ya kuchonga kitu kwa kukizungusha, kutokana na "tornus", ambalo Warumi walilichukua kwa Wayunani, kwao likiitwa "tornos". Chombo hicho sisi tunakiita kerezo.

Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza skuli nilidhani "kereza" ni neno la mafundi lenye njia yake peke yake, na "turn" ni neno la kila mtu. Kumbe neno la kila mtu limetoka kwenye karakana. Kwa kuwa sipendi kuamini kamusi bila ya shahidi, siku ya pili nilipita kwa fundi mmoja wa Ng'ambo anayekereza miguu ya vitanda vya besera, nikamwomba nikae kando nitazame.

Alikuwa na kipande cha mfenesi chenye pembe nne, amekibana baina ya ncha mbili za chuma, na mota ya umeme ikakizungusha mpaka pembe zikapotea machoni ukabaki ukungu wa manjano. Patasi aliiegemeza juu ya ubao wa chuma na mkono wake ukatulia kabisa. Hilo ndilo nililokwenda kuliona bila ya kujua: katika kukereza, chombo hakizunguki, mti ndio unaozunguka kukifuata, na kila mzunguko unaondoa utepe mmoja wa maranda unaoanguka juu ya vidole vya miguu. Katika muda usiofika robo saa kile kigogo cha pembe nne kilikuwa kimetoa shingo, tumbo na kisigino. Nilimuuliza kama aliwahi kutumia kerezo lisilo la umeme, akasema yeye alifundishwa kwa kerezo la uta, mwanafunzi akivuta huku na huku, upote ukiuzungusha mti, na fundi akikata pale tu mti unapozunguka kumwelekea.

Baada ya kuona hayo, maana kadhaa ambazo kamusi limezitaja zilinyooka zenyewe. Waingereza husema kitu kime-"turn into" kitu kingine, na wataalamu wa lugha yao wanaona kwamba matumizi hayo yamehifadhi kumbukumbu ya kerezo, kwa kuwa hapo kigogo huingia kikatoka mguu wa kitanda. Husema pia sentensi nzuri ni iliyo "well-turned", yaani iliyokerezwa ikakerezeka, wakati sisi shairi hulitunga, tukalipanga mizani na vina. Hata jina la ukoo la Turner, ambalo limeenea sana Uingereza, asili yake ni kazi: babu wa ukoo alikuwa mkereza.

Kwa mtafsiri, faida kubwa iko hapa. Kiingereza kimelitoa neno moja karakanani kikalituma kufanya kazi zote za mji, na Kiswahili kimeliacha "kereza" na fundi wake, kazi za nje kikawagawia wengi. Gari hukata kona. Chapati hugeuzwa, na mashua hupinduka. Feni huzunguka, maziwa huchacha, mfereji hufungwa, taa huzimwa, mtu hutimiza miaka arobaini, na wakati wa kucheza karata huulizwa zamu ya nani. Zote hizo Mwingereza anaweza kuzisema kwa "turn" na viambatani vyake, na asione kwamba amerudia neno. Kamusi langu la mfukoni lilizipanga tafsiri hizi kama namba za simu, ukichagua yoyote kwa bahati. Kamusi lisilo na jalada limezipanga kwa ukoo, maana ya kuzunguka kwanza, kisha kubadili upande, kisha kubadilika hali, kiasi kwamba msomaji anaona maziwa yaliyochacha yamefikaje kwenye familia ya gurudumu. Kuhusu taa, linaeleza kwamba "turn on" na "turn off" zilianza na maji na gesi, ambavyo hufunguliwa kwa kuzungusha kilango, na umeme ulipokuja ukarithi maneno ingawa swichi yake hubonyezwa. Maelezo ya mistari miwili kama haya yangeniokoa na ile simu ya Makunduchi.

Jamaa za neno hili nao wametajwa, na hapa kamusi limenifurahisha kupita nilivyotarajia. "Tour" ni mtoto wa "torner" ya Kifaransa, maana yake ni mzunguko, na kwa hivyo "tourist" ni mtu azungukaye. Sisi tumemwita mtalii, jina tulilolipata kwa Kiarabu na ambalo lina harufu ya kusoma na kuchungulia. Mwenye kutembeza wageni Mji Mkongwe atajiamulia mwenyewe lugha ipi imewaelewa vizuri zaidi. Wapo wanaosoma na wapo wanaozunguka tu. "Attorney" pia yumo: ni mtu "aliyegeuziwa" shughuli za mwenziwe, amekabidhiwa, na hilo liko karibu sana na wakili wetu, ambaye kwa Kiarabu ni mtu aliyeaminishwa jambo. Nimekwisha kutafsiri hati za uwakala zisizo na idadi na sikuwahi kushuku kwamba neno la Kiingereza lililoandikwa juu yake lina uhusiano na vumbi la mbao.

Upande wa mbali wa ukoo unashangaza zaidi. Mzizi wa kale unaodhaniwa kuwa nyuma ya "tornos", wenye maana ya kusugua na kuzungusha, ndio uliozaa pia "throw" na "thread" kupitia njia ya lugha za kale za jamii ya Kijerumani, isiyopita Roma. "Throw" zamani ilikuwa kusokota, si kutupa, na mfinyanzi wa Kiingereza mpaka leo husema ana-"throw" chungu anapokiinua juu ya gurudumu, bila ya kukitupa popote. "Thread" ni uzi, kwa maana ya kitu kilichosokotwa.

Nililitafuta pia neno ambalo kila mtu wa visiwa hivi angelitafuta. "Revolution" haimo katika ukoo wa "turn". Ni ya Kilatini "volvere", kuviringisha, na kwanza ilitumika kwa sayari zinazozunguka na kurudi zilipoanzia. Neno letu la Januari 1964, mapinduzi, limetoka kwenye kupindua, na kinachopinduliwa hakirudi pale pale. Cha chini huwa juu. Lugha mbili zimechukua kitendo cha kugeuza kulieleza jambo lile lile la siasa, kila moja kwa picha yake, na nilisikitika kuona kwamba kamusi limepitia maana ya siasa kwa mstari mmoja mkavu.

Kasoro nyingine zipo, na nisingependa mtu anunue akidhani hazipo. Viambatani, yaani "turn up", "turn out", "turn in" na wenziwe, vimesongamanishwa mwishoni kwa herufi ndogo zaidi, vyote katika aya moja, na macho ya mtu aliyepita miaka hamsini yanahitaji kioo cha kukuzia. Hapo hapo ndipo penye haja kubwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa hakuna atakayeshindwa na "turn left", lakini "turn in" ina maana ya kukabidhi, ya kusaliti na ya kwenda kulala. Mifano ya sentensi ni michache, na mingi ni ya bustani za Uingereza na farasi. Lugha ya bahari imesahauliwa karibu yote: hakuna msaada kwa anayetaka kujua Mwingereza husemaje chombo kinapobisha dhidi ya upepo, na hilo kwa kamusi la taifa la mabaharia ni uvivu. "Turndown" niliyoitafuta kwa hamu imepewa mstari mmoja, mahali pake peke yake, mbali na mama yake, ingawa mstari wenyewe ni sahihi.

Kitabu chenyewe ni kizito, mgongo wake umepasuka katika herufi M, na unyevu wa masika umeikunja pembe ya juu ya kila ukurasa. Kwa 25,000 silalamiki. Mwanafunzi wa kidato cha pili nisingemshauri, atazama. Mwalimu, mtafsiri na mtembezaji wageni anayeulizwa maswali ya ajabu watapata thamani ya pesa zao mwezi wa kwanza. Kijana jirani yangu anayetembeza wageni huja kulifungua kila Ijumaa baada ya sala, na tayari ameshaieleza asili ya "tourist" kwa wageni wake mbele ya duka la samani. Anasema wanapiga picha maranda.

Mwongozo wa hoteli ulichapishwa upya kwa gharama yangu, nakala sitini, na mahali pa kukataa sasa pana "kuandaa kitanda cha usiku". Mama wa Makunduchi bado ananisalimia kwa kuniuliza nimemkataa nani.

Limebaki jambo moja la kudaiana. Nilitaka kuthibitisha katika kamusi hili kwamba "went", wakati uliopita wa "go", kwa asili ni mali ya "wend", kitenzi kingine cha Kiingereza cha kugeuka, ambacho "go" ilikipora baada ya kupoteza umbo lake la kale. Nikafungua herufi W na kukuta kwamba kuanzia "weld" hadi "wharf" pamechanwa. Nimekwenda Darajani mara mbili kudai nipunguziwe bei, na mara zote mbili meza ilikuwa imefunikwa turubali.