Picha za Familia kwenye Joto la Mtwara: Ununue Nini Kwanza

Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na watu wa mabondeni hapa Mtwara tukaambiwa tuhame, mama alitoka ndani na vitu viwili: hati ya kiwanja na bati la biskuti lenye negativu za marehemu baba, ile mikanda ya filamu inayotumika kusafishia picha. Mimi nilikuwa na flashi mfukoni, picha zote za harusi yangu zikiwa humo. Kenneth akaenda kutua Msumbiji, tukarudi nyumbani. Flashi ile ilikufa mwaka uliofuata; ukiichomeka, kompyuta inakuomba uifute ianze upya. Bati la mama lipo mpaka leo, ingawa nalo lina mambo yake.

Orodha hii ni ya mtu mwenye hela ya kawaida na nyumba isiyo na kiyoyozi. Anzia juu, ukiishiwa simama hapo.

1. Diski mbili za nje

Mbili, si moja. Diski ya terabaiti moja inabeba picha za simu kama 200,000 zenye megabaiti tano kila moja, kwa hiyo usidanganywe ununue kubwa moja badala ya ndogo mbili. Chukua zile za kuzunguka ndani, za bei nafuu. Zile za kisasa zisizozunguka, kama flashi, hutunza picha kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu zikikaa droo bila kuchomekwa, joto linaharakisha. Ya kuzunguka inaogopa zaidi kuanguka, na uzee. Ikifika miaka mitano nunua nyingine, hata kama bado inafanya kazi.

Moja ikae kwako, ya pili kwa ndugu aliye mbali na bahari. Yangu ipo Newala, kule juu ambako usiku shuka unajifunika kweli. Nikienda huko msimu wa korosho naenda na diski yenye picha mpya, narudi na ile iliyokuwa kule. Na ukinakili, tumia laptopu yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kuharibu mafaili.

2. Kusafisha picha

Chagua hamsini kwa mwaka ukazisafishe. Muulize mwenye studio: ni karatasi ya picha inayopita kwenye dawa, au ni printa ya wino? Omba iliyoharibika, lowesha kidole, uguse kona. Rangi ikitoka kwenye kidole, muage kwa heshima.

Albamu zenye kurasa za gundi chini ya nailoni ziache dukani, hata zikiwa na maua ya dhahabu juu. Gundi ile inakula picha. Plastiki laini inayonuka vilevile. Nyuma andika kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Tuna picha ya watu tisa kwenye ngazi huko Mikindani na hakuna aliyebaki wa kututajia zaidi ya watatu.

3. Negativu

Kama unazo, usitupe. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi wanakosea.

Siku nilipofungua bati la mama, kilichotangulia ni harufu ya siki. Mikanda mingi ya zamani ilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, na joto na unyevu huivunja mpaka itoe asidi ileile ya siki. Mvuke wake huiambukiza mikanda ya jirani, na bati lililofungwa linauzuia usitoke. Mama alikuwa anaipika pole pole bila kujua. Nikachukua mkanda mmoja mzima, nikauelekeza dirishani: baba, nywele nyeusi zikionekana nyeupe kama negativu inavyogeuza, amekaa kwenye baiskeli. Kila kitufe cha shati kinaonekana. Hiyo ni madini halisi ya fedha ndani ya jelatini, ule utando unaoshika picha juu ya mkanda, na nyeusi na nyeupe ikitunzwa vizuri inatuzidi umri. Za rangi za miaka ya themanini zilikuwa zimeelekea wekundu, kwa sababu rangi zake hufifia hata gizani, na hazifi kwa mwendo mmoja.

Kingine ni fangasi. Jelatini ni chakula, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 65, wanaanza kula. Pwani yetu inavuka hapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo nunua mifuko ya polipropilini, boksi la plastiki linalobana, na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Vile vya kwenye maboksi ya viatu vikikaushwa vizuri vinafaa. Mchele usiweke, utaleta wadudu. Zenye siki zitenge kwenye bahasha za karatasi zipate hewa, na ndizo uanze kuskani, nukta 2400 kwa inchi au zaidi.

Kununua filamu mpya leo ili iwe hifadhi, mimi hapana. Mkanda unaweza kudumu, dawa ikakosekana. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, iliisha hivyo: maabara ya mwisho duniani, huko Parsons, Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010.

4. Hifadhi ya mtandaoni

Nzuri kama nakala ya tatu. Google walifunga hifadhi ya bure isiyo na kikomo 1 Juni 2021. Sasa ni gigabaiti 15, na barua pepe zako zimo humo humo. Akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa, kwa hiyo mpe mtu mwingine nywila. Bando nalo unalijua. WhatsApp si hifadhi: inaipunguza picha ubora, labda uitume kama dokumenti.

5. Flashi na memori kadi

Za bandia zimejaa, zinajiandika gigabaiti 128 wakati ndani ni nane. Programu ya bure ya H2testw itakuonyesha ukweli kabla hujaondoka na risiti mbali. Mimi flashi yangu mpya inabeba picha kwenda studio kusafishwa, na ikirudi inafutwa.