Kishoka kimoja, siku 54

Nilikuwa askari wa wanyamapori Murchison Falls kwa miaka 22, kwa hiyo kitabu cha mtoto aliyepotea porini nakisoma kama fundi baiskeli anavyoitazama kazi ya mwenzake: natafuta palipolegea. Hiki, Hatchet cha Mmarekani Gary Paulsen, kilichotoka 1987, nilikipata Kampala kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Old Taxi Park, shilingi 12,000 baada ya kubishana. Jina lake maana yake kishoka. Nilimnunulia mpwa wangu wa miaka 14. Tangu wazazi wake waachane anakaa nami hapa Masindi, na maneno yake ya kutwa unayahesabu kwa vidole.

Brian, mtoto wa kitabu hiki, ana miaka 13, naye wazazi wake wameachana. Yuko kwenye ndege ndogo kumfuata baba yake kwenye visima vya mafuta kaskazini mwa Kanada, rubani anakufa kwa mshtuko wa moyo angani. Mtoto anaishusha ndege ziwani, anatoka akiwa hai, na kiunoni ana kishoka alichopewa na mama yake. Basi.

Palipolegea sikupaona pengi. Chukua moto. Usiku nungunungu anaingia pangoni, mtoto anarusha kishoka gizani, kinagonga mwamba, cheche zinaruka. Mwandishi mvivu angemwashia moto hapohapo. Paulsen anamtesa kwanza: nyasi kavu zinakataa, anachana noti yake ya dola 20, nayo inakataa, mpaka anapochambua magome ya mti yakawa nyuzi nyembamba na kuzipulizia. Hapo nikamwamini. Sisi tulikuwa tunawasha mavi makavu ya tembo kufukuza mbung'o, na asiyejua kupuliza aliambulia moshi wa macho tu.

Lakini pori silo mzigo mzito zaidi alio nao huyu mtoto. Kabla ya talaka alimwona mama yake garini na mwanamume mwingine, na hajamwambia mtu. Siri hiyo inamrudia akivua samaki, akiumwa na mbu, akilala. Kuna usiku analia pangoni mpaka machozi yanakauka, kisha anagundua mguu bado unauma na giza ni lilelile. Nimewaona watu wazima wakipotea njia porini wakachelewa sana kulijua hilo.

Mzazi, soma kwanza wewe. Baada ya ndege ya kumtafuta kupita na kuondoka, Brian anajaribu kujiua kwa kishoka hicho. Ni mistari michache, haina madoido, ila ipo.

Lawama zangu: mwandishi anarudia neno moja mara tatu mfululizo, mwanzoni nilidhani mchapaji kakosea. Na mwisho unakimbia. Siku 54 za taabu, halafu anachezea kidude alichokitoa kwenye ndege iliyozama, kumbe kinatuma ishara, na rubani mwingine anatua. Kama kufika stendi ukakuta basi lako ndilo linaondoka na kiti cha dirishani kipo.

Mpwa wangu alikimaliza kwa siku tatu, kwenye baraza, miguu juu ya benchi. Akaja jikoni.

"Mjomba, mbona hakumwambia baba yake ile siri?"

Kweli, Brian anakutana na baba yake na siri hasemi. Mimi jambo hilo lilinikera. Nikamuuliza yeye angefanyaje.

"Mimi pia nisingesema," akajibu, akachukua panga langu, akaokota jiwe na kuzunguka nyuma ya jiko. Mpaka giza linaingia nilikuwa nasikia chuma kikigonga jiwe. Moto haukuwaka, na panga sasa lina mapengo mawili.